Sauti Nyuma ya Marobota

Redio ya Kiilu haikuwa imeshika stesheni yoyote. Ilikaa juu ya rafu ya karakana, kati ya mkebe wa grisi na picha ya zamani ya timu ya mpira ya kiwanda, ikitoa mlio kama wa mafuta yanayochemka. Inspekta Magdalene Kaveke aliitazama, akamtazama mwenyewe, kisha akaketi kwenye kreti aliyosogezewa.

"Mzee, hiyo redio inakaanga mandazi," alisema Konstebo Barasa aliyekuwa amesimama mlangoni. "Si ushike stesheni tusikie hata matangazo ya vifo?"

Kiilu hakumjibu. Alikuwa amegeuza kiti chake akaupa mlango mgongo. Magoti yake yalikaribia kugusa ya Kaveke, na mwanga wa dirisha ulimpiga Kaveke usoni. Kiilu alikuwa fundi wa mashine za kufuma katika kiwanda cha blanketi cha Ndarugu, Eneo la Viwanda la Thika, tangu mabati ya kiwanda yakiwa bado yanang'aa. Nywele zake na nyusi zake zilijaa manyoya ya sufu kama mtu aliyenyeshewa unga.

Kaveke alikuwa ameziba pua na mdomo kwa leso. Vumbi la sufu lilikuwa limemkereketa tangu alipopita langoni.

"Tuanze upya, mzee. Siku ile Ndambuki alipopigwa stoo, ulikuwa wapi?"

"Toa hiyo kitambaa, mwiitu," alisema Kiilu, akimwita kama Mkamba anavyomwita binti wa kwao. "Unaongea ndani ya nguo."

Kaveke akaitoa leso na kurudia swali.

"Nilikuwa stoo. Saa ya lunch. Mashine zimezimwa, watu wameenda kula githeri. Mimi huenda kujilaza kidogo nyuma ya marobota ya sufu, hapo kuna baridi. Nikasikia Ndambuki na mtu. Ndambuki anasema, 'Salehe, rudisha beringi. Hii kreti ya chini umejaza matambara.' Halafu nikasikia kishindo. Nikaogopa. Nilipotoka, Ndambuki yuko chini."

"Huyo mtu mwingine ulimwona?"

"Sikuona mtu. Marobota ni ukuta. Nilisikia tu."

"Na wewe ulikuwa umeenda kulala bila chakula?" Barasa aliuliza kutoka mlangoni.

Kiilu aliendelea kumtazama Kaveke usoni, akingoja.

"Anakuuliza kama hukuwa umekula," alisema Kaveke.

"Ah! Nilikuwa nimekula mapema. Mihogo."

Kaveke aliinuka. Alipopita karibu na rafu alinyoosha mkono akaizima redio, kusudi aweze kuongea na Barasa. Kiilu alishtuka, akasimama, akaiwasha tena na kuipandisha sauti kidogo.

"Samahani," alisema. "Nimezoea."

Kutoka karakana walikwenda stoo pamoja na meneja. Mahali alipoangukia Ndambuki, mtunza stoo, palikuwa pamesafishwa, lakini doa lilikuwa bado linaonekana kwenye saruji. Mwenyewe alikuwa hospitalini, kichwa kimeshonwa, na tangu siku ile hakuwa amefungua macho.

"Kreti za beringi ni zipi?" Kaveke aliuliza.

Meneja alionyesha kreti tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Barasa aliishusha ya juu, akaifungua. Beringi mpya, kila moja kwenye karatasi yake ya mafuta. Ya kati nayo ilikuwa sawa. Ya chini ilipofunguliwa, juu palikuwa na safu moja ya beringi, na chini yake matambara ya blanketi yaliyoshindiliwa yakakaza.

"Ngai!" Meneja alishika kichwa. "Hii hatukujua. Hakuna mtu alijua."

"Ndambuki alijua," alisema Kaveke.

"Na mzee Kiilu amesema kweli tupu," Barasa akaongeza.

Hivyo ndivyo hata mkuu wa kituo alivyoona mambo Kaveke alipompigia simu kutoka ofisi ya meneja. "Shahidi amesema matambara, matambara yamepatikana. Kesi imeiva, madam. Epua. Huyo Salehe tuliyemshika anaenda kortini kesho asubuhi."

* * *

Salehe alikuwa kijana mrefu mwenye mabega ya kubeba mizigo. Kazi yake kiwandani ilikuwa ya kufunga blanketi kwenye magunia, chumba cha mwisho kabisa, mbali na mashine. Alikaa mtaa wa Landless na mke wake Kulthum na binti yao mchanga. Aliletwa chumba cha mahojiano bila viatu wala mkanda, kama kawaida ya mahabusu.

"Asubuhi ya siku ile mligombana na Ndambuki," alisema Kaveke. "Watu wengi waliwaona."

"Aliniita, nikapita. Akakasirika, akanishika shati. Mimi sikuwa nimesikia, afande."

"Na mchana? Askari wa lango alikuita tena na tena ukitoka nje. Uliendelea kutembea. Mpaka akakukimbilia akakukamata bega."

"Hiyo pia sikusikia."

"Ulikuwa unatoka wapi?"

"Nyuma ya tangi la maji. Nilikuwa najimwagia maji kichwani. Kichwa kilikuwa kinazunguka, masikio yanalia."

"Kuna mtu alikuona huko?"

"Hakuna."

Kaveke alikwenda dirishani, akampa mgongo, akaongea kwa sauti ya chini akielekea nje. "Na mkeo anaitwa nani?"

"Kulthum," Salehe alijibu mara moja.

Barasa akacheka. "Kumbe! Masikio yako ni duka, eh? Asubuhi unafunga, jioni unafungua."

"Nisikize, afande. Siku ile yalikuwa yanalia kama nyenje, lakini nyenje wa shamba zima. Huku na huku, yote mawili. Mtu akiongea namwona tu anachezesha mdomo. Sasa yamepungua. Amebaki mmoja, tena yuko mbali."

"Nyenje wamehama," alisema Barasa.

"Cheka tu. Kesho mimi ndiye nitapelekwa."

Nje, kwenye benchi la ukumbini, Kulthum alikuwa amekaa na hotipoti ya chakula miguuni, mtoto amemfunika kwa leso kifuani. Kaveke alipotoka, Kulthum alijaribu kusimama bila kumwamsha mtoto, akashindwa, akabaki nusu amesimama.

"Kaa, mama. Mtoto anaitwa nani?"

"Safaa."

"Mama Safaa, mume wako anasema masikio yake yalikuwa hayasikii. Wewe umeona hivyo?"

"Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kuona!" Kulthum alijibu haraka. "Huyu akianza kulia usiku jirani wa ploti ya pili hugonga ukuta. Baba yake alikuwa amelala hapa, mtoto yuko hapa, kichwa kwa kichwa, na hageuki. Nikamsukuma, nikamwambia, wewe unajifanya ili niamke mimi. Nilimkasirikia kabisa. Lakini hapana. Hakuna mwanaume ana uwezo wa kujifanya hasikii huyu."

"Yalianza lini?"

"Alipoanza dawa. Alienda mazishi Mwea baada ya hizi mvua za El Nino, akarudi na malaria, anatetemeka mpaka kitanda kinaongea. Chloroquine alimeza, haikufanya kitu. Dada yangu yuko Ruiru, akatupeleka kwa kliniki ya huko, wakampa hizi." Alifungua pindo la leso, akatoa pakiti tupu ya vidonge. "Kwinini. Alizimaliza siku ile ile mlimshika. Niliziweka nikasema labda mtu atauliza. Hakuna aliuliza."

Kaveke aliipokea pakiti, akaigeuza. "Barasa, toa gari."

"Ruiru saa hizi? Mkuu amesema tuandike mashtaka."

"Tutaandika tukirudi."

Kulthum alimshika mkono. "Madam, kesho ni saa ngapi?"

"Asubuhi, mama. Lakini leo bado haijaisha."

* * *

Kliniki ilikuwa nyuma ya kituo cha mabasi cha Ruiru, vyumba vitatu vilivyopakwa chokaa. Zubeida, aliyeiendesha, aliitwa daktari na kila mtu, naye kila mara aliwaambia yeye ni ofisa wa kliniki. Alimkumbuka Salehe.

"Mrefu yule, mke wake ana mtoto mdogo. Ndiyo, nilimpa kwinini. Malaria yake ilikuwa imekataa dawa zingine."

"Anasema ilimfanya kiziwi kwa siku kadhaa. Leo anasikia kunishinda. Inawezekana, au ananichezea?"

"Inawezekana sana. Kwinini ikijaa mwilini masikio hulia, yote mawili, na usikivu hushuka. Kichwa kinazunguka, mtu anataka kutapika. Wengi huacha dawa katikati kwa sababu ya hiyo kelele. Akimaliza dozi, kelele inaondoka, masikio yanarudi. Huyo anakwambia yamebaki kidogo?"

"Nyenje mmoja, tena mbali."

"Basi. Angekuwa mwongo angekwambia bado hasikii. Mwongo hawezi kujua kuwa yanatakiwa kupona."

Kaveke aliandika. "Kwa hivyo kulia kwa masikio ni ugonjwa wa kwinini?"

"Hapana, si ugonjwa. Ni dalili, kama homa. Homa ina sababu nyingi, na hii pia. Kwanza ujue ni kelele isiyotoka nje. Mwenyewe anasikia kengele, au filimbi, au upepo, au mlio wa nyaya za stima, na wewe uliye karibu naye husikii kitu. Wengine ni nta imejaa sikioni, ukiisafisha wamepona siku hiyo hiyo. Wengine ni dawa, kama huyu wako, au aspirini ya kumeza kama njugu. Wengine ni umri."

"Daktari," alisema Barasa. Alikuwa ameacha kuegemea ukuta. "Yangu hailii hivyo. Yangu inapiga. Upande huu mmoja, nikilala. Du, du, du, kama ngoma ya isukuti."

"Inaenda na moyo?"

"Sijui. Sijawahi kuuliza moyo."

Zubeida hakucheka. Alimkalisha, akamshika mkono kupima mapigo, kisha akaweka stethoskopu shingoni, chini ya sikio. Alisikiliza kwa muda. Alipoitoa masikioni mwake alimwonyesha Kaveke asogee, akamvalisha.

Kaveke alisikia. Ilikuwa sauti ya kupuliza, fupi, ikija na kuondoka kwa mapigo ya moyo.

"Hii ni aina nyingine," alisema Zubeida. "Ni nadra, lakini ndiyo ile ambayo hata mtu wa nje anaweza kuisikia. Mara nyingi ni damu inapita kwa shida kwenye mshipa. Unavuta sigara?"

"Kidogo."

"Konstebo."

"Si kidogo."

Alimpima presha, akatikisa kichwa. "Hii haingoji. Nakuandikia, wiki hii uende hospitali kubwa wakuangalie mshipa. Ya upande mmoja na inayopiga na moyo, hiyo usikae nayo nyumbani."

Barasa alikunja karatasi akaiweka kwenye mfuko wa shati, kisha akafunga kifungo.

Kaveke alikuwa amerudi kwenye kalamu yake. "Na mtu aliyefanya kazi na mashine za kufuma miaka mingi?"

"Ah, hao ni wengi hapa. Kelele ile inaua masikio polepole. Yao hulia masikio yote mawili, mlio mwembamba, kila siku, hauondoki. Na usikivu unapotea kwanza kwenye sauti nyembamba. Anasikia kwamba mtu anaongea, lakini ni nini anasema, hajui. Kishindo atasikia, mlango ukipigwa atasikia. Maneno yanamponyoka."

"Sasa wanaongeaje?"

"Kwa macho. Ukiingia chumba cha mashine utaona watu wanapiga stori upande huu na upande ule wa chumba, bila sauti. Midomo tu na mikono. Wamefanya hivyo mpaka hawajui kama wanafanya. Utamwambia, 'Mzee, husikii,' anakukatalia, 'Nasikia vizuri!' Kumbe anakutazama mdomo."

Kaveke aliinua uso. "Kuna mtu anaweza kupenda redio ambayo haijashika stesheni?"

"Nawaambia mimi mwenyewe wafanye hivyo. Kelele ya masikio huwa mbaya zaidi pakiwa kimya. Redio ikivuma kidogo inaifunika. Kwa nini?"

Kaveke alifunga kitabu chake. "Huyo mtu, nyuma ya ukuta wa sufu, na wenzake wawili wanagombana upande wa pili. Atasikia wanasema nini?"

"Atasikia kuna ugomvi. Maneno? Sidhani. Lakini usishike neno langu, inspekta. Mpime."

Kwenye gari, kabla hawajatoka Ruiru, Kaveke alimwambia Barasa jambo atakalofanya wakifika. Barasa alilisikiliza lote, halafu akamwomba alirudie la mwisho.

"Bila sauti hata kidogo?"

"Hata pumzi."

"Na maneno?"

"Chagua yako. Yasiwe na beringi."

* * *

Mashine zilikuwa zimezimwa wafanyakazi wabadilishane zamu. Kiilu aliitwa stoo, akaja akifuta mikono kwa tambara. Alimtazama Barasa aliyesimama pale penye doa, akamtazama Kaveke.

"Mzee, nataka unionyeshe mahali ulikuwa umelala," alisema Kaveke akimwelekea.

Kiilu aliongoza njia. Marobota ya sufu yalikuwa yamepangwa kupita kimo cha mtu, na nyuma yake palikuwa na nafasi ya kutandika gunia. Wakasimama hapo wawili. Barasa hakuonekana.

"Hapa hapa?"

"Hapa."

"Sawa. Barasa ataongea kule, kwa sauti ya mtu anayegombana. Wewe uniambie amesema nini. Ni hivyo tu."

"Hiyo ni kazi ndogo."

"Barasa!" Kaveke aliita. "Ongea!"

Kutoka upande wa pili Barasa alipaza sauti, akikokota kila neno kama mhubiri wa sokoni. "Jogoo wa Bungoma amekula kofia ya mkuu wa kituo! Na sasa anadai saluti!"

Kaveke alibana midomo, lakini kicheko kilimtoka puani. Kiilu alimtazama uso ule unaocheka. Yeye hakuwa na sababu ya kucheka.

"Amesema nini, mzee?"

Kiilu aliinamisha kichwa kidogo, sikio moja mbele. "Amesema... si yale ya Ndambuki? 'Salehe, rudisha beringi.'"

"Rudia, Barasa!"

Barasa alirudia, akazidisha sauti. Njiwa waliokuwa darini waliruka.

"Anaongea haraka," alisema Kiilu. "Hawa watu wa magharibi huongea haraka."

"Basi tusogee." Kaveke alimwongoza mpaka mwisho wa marobota, mahali ambapo wangeweza kumwona Barasa. Barasa alikuwa mbali, karibu na kreti, amewaelekea. "Msikilize tena."

Barasa alifungua mdomo. Midomo yake ilicheza, nyusi zikapanda, mkono ukapiga saluti. Stoo ilikuwa kimya. Kaveke alisikia njiwa wakirudi kutua kwenye bati, na mbali, mtu akisukuma mkokoteni.

Uso wa Kiilu ukafunguka. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kwanza walipoonana. "Haiya! Jogoo amekula kofia ya mkuu wa kituo! Anadai saluti! Sasa nimesikia vizuri."

"Umesikia?"

"Vizuri kabisa."

"Mzee Kiilu," alisema Kaveke. Alijigeuza akamwelekea barabara, mwanga ukimpata mdomoni, akatamka neno moja moja. "Barasa hakutoa sauti."

Kicheko kilibaki usoni mwa Kiilu kwa kitambo, kisha kikaondoka kidogo kidogo.

"Mimi hapa sikusikia kitu," Kaveke aliendelea, "na masikio yangu ni mazima. Wewe hukusikia, uliona. Kule nyuma alipopiga kelele mpaka njiwa wakaruka, hukupata hata neno."

"Umri, mwiitu. Siku nyingine nasikia, siku nyingine hapana. Hata huyo Salehe..."

"Masikio ya Salehe yalizibwa na dawa, na yanafunguka. Yako hayafunguki. Lakini siko hapa kwa sababu ya masikio. Ungekuwa umetunga yale maneno, ningesema tu ni mzee amejichanganya, nikuache. Shida ni kwamba ni ya kweli. Kreti ya chini ilikuwa na matambara. Meneja hakujua, polisi hatukujua. Kama Ndambuki aliyasema, wewe uliyapata midomoni mwake. Ulikuwa mbele yake, karibu, kama ulivyokaa mbele yangu karakana. Kwa nini uliapa hukuona mtu?"

Kiilu alisokota tambara lake mikononi.

"Na kama hakuyasema, uliyajua mwenyewe, kwa sababu matambara uliyajaza wewe. Chagua mojawapo. Zote mbili zinaishia kwako."

Barasa alikuwa amekuja polepole, akasimama upande wa mlango. Kiilu alitazama midomo ya mmoja, kisha ya mwingine, kama kwamba bado kulikuwa na neno litakalomsaidia. Kisha akakaa juu ya robota.

"Hakusema Salehe," alisema. "Jina hakutaja. Alisema, 'Rudisha beringi, hii kreti ya chini umejaza matambara.' Alikuwa ameshika tochi. Nilimwambia nitazirudisha, ziko kwa posho mill ya ndugu yangu ya kusaga unga, Ruiru, nipe mpaka wiki ijayo. Akasema anaenda kwa meneja. Akageuka. Mtu akigeuka mimi sijui tena anasema nini. Niliona tu mabega yake, anaongea, anaongea, anaenda. Nilikuwa na spana."

"Jina la Salehe ulilitoa wapi?"

"Waligombana asubuhi. Kila mtu aliona."

Kaveke alimwonya kama sheria inavyotaka, akimwangalia usoni ili kila neno limfikie. Barasa alitoa pingu.

"Iko wapi hiyo spana, mzee?" aliuliza Barasa, na safari hii alizunguka akasimama mbele kabla ya kuuliza.

"Kwa sanduku langu. Chini."

Walipoipata ilikuwa imefutwa kwa mafuta, lakini kwenye meno yake kulikuwa kumenasa sufu yenye rangi ya kutu. Kaveke aliifunga kwenye karatasi safi. Walipokuwa wakitoka karakana Kiilu aliomba kitu kimoja tu.

"Huko seli usiku ni kimya," alisema. "Naomba hiyo redio."

Kaveke alifikiri. "Nitauliza mkuu."

* * *

Mkuu wa kituo alisoma maelezo yote mara mbili, akakuna kidevu. "Jogoo amekula kofia ya nani?"

"Ni maneno ya majaribio, bwana," alisema Barasa, akitazama ukuta.

"Hm." Akatia sahihi. "Fungueni huyo kijana."

Taratibu za kumtoa mahabusu zilichukua muda wake. Salehe alirudishiwa mkanda, viatu, kofia yake ya kazi na kitambulisho. Aliweka alama ya kidole mahali alipoambiwa, akauliza kama ni kweli anaweza kwenda, akaambiwa ni kweli, akauliza tena.

Kulthum alikuwa bado kwenye benchi. Hotipoti ilikuwa imepoa. Kutoka pale alipokaa mlango wa mahabusu haukuonekana, kwa hivyo Salehe alipotoka alipita ukumbi bila kumwona, akaenda moja kwa moja kwenye mwanga wa nje, haraka, kama mtu anayeogopa kuitwa arudi.

Askari wa zamu alifungua mdomo amwite. Kaveke alimzuia kwa mkono.

Kulthum alikuwa amemwona. Alisimama, leso imefunika mtoto aliyelala. Hakutaka kumwamsha. Aliita kwa sauti ile ya ndani, ambayo mama huitumia nyumbani wakati mtoto amelala na mlango uko wazi.

"Baba Safaa."

Ukumbi ulikuwa na watu wengi, na mashine ya kuchapa ilikuwa inagonga ofisini.

Salehe aligeuka.